Rangi ya Chungwa Chini ya Macho: Ni Dawa au ni Pazia?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya sehemu ndogo sana ya mwili wa binadamu, isiyozidi upana wa vidole viwili, lakini ambayo siku hizi imeanza kula mishahara ya watu. Nazungumzia ile ngozi iliyo chini ya macho.

Ukipita Kariakoo, katika maduka ya vipodozi ya Mtaa wa Congo na Mtaa wa Aggrey, utakuta vichupa na vijichubu vidogo vidogo, vingine havizidi urefu wa kidole, vyenye krimu ya rangi ya chungwa, au ya papai lililoiva, au nyekundu ya tofali. Wauzaji huiita korekta. Kazi yake ni kupakwa chini ya macho ili kuua ule weusi unaomfanya mtu aonekane hajalala. Juu yake hupakwa nyingine inayofanana na rangi ya ngozi, ambayo wao huiita konsila, kisha poda, na mambo yamekwisha. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi unaanzia kwenye maneno ya muuzaji. Nimesimama kwenye maduka hayo zaidi ya mara moja nikisikiliza. Mteja akishika kichubu cha shilingi elfu nane, huambiwa aachane nacho, achukue cha elfu arobaini na tano. Kwa nini? "Dada yangu, hiki siyo mekapu tu, hiki ni matibabu. Kina vitamini C, kina kafeini, kina asidi ya kuingiza maji kwenye ngozi. Kinauficha weusi huku kinauponya. Baada ya mwezi hutahitaji kupaka tena."

Sasa hebu tuulizane, ndugu wasikilizaji: je, ni kweli? Hii rangi inayoficha weusi, inautibu pia? Au tunauziwa pazia kwa bei ya dawa?

Mimi si daktari wa ngozi, na sitajifanya daktari. Lakini mambo haya yamechunguzwa na wenye ujuzi, majibu yao yapo, na si magumu kuyaelewa. Tuyapange moja moja.

Kwanza, kuficha. Hapo rangi ya chungwa haidanganyi. Ina elimu nyuma yake, tena elimu ya zamani. Huko Paris, Ufaransa, kulikuwa na kiwanda cha kufuma mazulia ya ukutani kilichoitwa Gobelins. Mwaka 1824 kiwanda hicho kilimpata mkemia aitwaye Michel-Eugène Chevreul asimamie idara ya kutia rangi. Watu wakawa wanalalamika kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hicho zimefifia. Chevreul akapima, akaona weusi hauna kosa. Kosa lilikuwa kwa jirani: nyuzi nyeusi zilizowekwa kando ya buluu au zambarau zilionekana dhaifu kwa sababu ya rangi zilizopakana nazo. Mwaka 1839 akatoa kitabu juu ya jambo hilo, na ile duara ya rangi ambayo wanafunzi wa uchoraji wanafundishwa hadi leo inamdai shukrani.

Katika duara hilo kila rangi ina mpinzani wake anayekaa ng'ambo. Mpinzani wa buluu ni chungwa. Mpinzani wa zambarau ni njano. Mpinzani wa nyekundu ni kijani. Ukizichanganya rangi mbili zinazokabiliana, kila moja humfifisha mwenzake, ukapata kitu cha katikati kisicho na makali. Weusi wa chini ya macho mara nyingi una ubuluu au uzambarau ndani yake. Ndiyo maana mtu mweupe hupakwa rangi hafifu ya pichi, na mtu mwenye ngozi nyeusi kama wengi wetu huhitaji chungwa lenyewe au hata wekundu wa tofali. Ukimpaka mtu mweusi ile ya pichi, chini ya macho hugeuka kijivu kama majivu ya jikoni. Wengi wameona ajabu hiyo kwenye picha za harusi bila kujua chanzo chake.

Na kuficha si jambo la kudharau. Huko Marekani alikuwako mwanamke aitwaye Lydia O'Leary, aliyezaliwa na alama kubwa ya wekundu usoni. Alitengeneza krimu nzito ya kuifunika alama yake, akaiita Covermark, na mwaka 1932 akapewa hataza ya serikali kwa uvumbuzi huo. Krimu ile haikuiondoa alama, iliifunika. Watu wenye makovu na alama waliinunua wakijua wananunua kitu cha kufunika, na kilifunika.

Basi kama tungeambiwa hivyo tu, mazungumzo yangu ya leo yangekwishia hapa. Lakini tumeambiwa kwamba krimu inaponya. Tuje kwenye kuponya.

Huwezi kuzungumza juu ya dawa kabla hujaujua ugonjwa. Weusi wa chini ya macho si kitu kimoja. Una njia kadhaa za kufika pale.

Njia ya kwanza ni mishipa ya damu. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko ngozi yote ya mwili, unene wake haufiki milimita moja. Chini yake kuna mishipa midogo, na mishipa hiyo huonekana kwa juu kama maji ya mtoni yanavyoonyesha mchanga. Njia ya pili ni rangi ya ngozi yenyewe: ile chembechembe tunayozaliwa nayo, iitwayo melanini, imekuwa nyingi mahali pale. Mara nyingi ni urithi. Mama anao, bibi alikuwa nao, na mtoto wa darasa la nne ameanza kuuonyesha. Njia ya tatu ni mikwaruzo na miwasho. Mtu mwenye mzio wa vumbi hufikicha macho kutwa, ngozi inaumia, ikipona inaacha weusi. Njia ya nne ni kivuli tu. Umri ukisogea, nyama ya shavu hushuka, hubaki kibonde chini ya jicho au mfuko juu yake, na taa ikiwaka juu ya kichwa kibonde kile hutupa kivuli.

Huko Singapore, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, madaktari waliwachunguza watu 200 wenye weusi huo. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la mishipa ya damu, yapata watu 4 katika kila 10. La rangi ya asili lilifuata kwa karibu. Miwasho na vivuli vilikuja nyuma. Wako pia wenye sababu mbili kwa pamoja.

Unaweza kujipima mwenyewe nyumbani bila gharama. Chukua kioo, simama dirishani, inua uso uelekee kwenye mwanga. Weusi ukitoweka, hicho ni kivuli. Kisha ivute ngozi ya chini ya jicho kidogo kwa kidole, taratibu. Ubuluu ukizidi kuonekana, hiyo ni mishipa. Ukahawia ukibaki vilevile, hiyo ni rangi ya ngozi yako.

Sasa tumlete mgonjwa wetu mbele ya kichubu cha elfu arobaini na tano, tuone kila kiungo kinaweza nini.

Vitamini C. Hii kweli ina kazi kwenye ngozi. Lakini mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha masharti yake. Ili iingie ndani ya ngozi, vitamini C halisi inataka majimaji yenye uchachu mkali, na inataka iwe nyingi, mpaka sehemu 20 katika 100. Tena ni kitu chepesi kuharibika. Ikikutana na hewa na mwanga hubadilika na kupoteza nguvu. Jiulize kama krimu laini ya rangi, inayopakwa karibu na jicho bila kuwasha hata kidogo, inayofunguliwa na kufungwa kila asubuhi kwa miezi, inaweza kutimiza masharti hayo.

Niasinamaidi, ambayo ni jamaa ya vitamini B3. Hii pia si uongo. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba inapunguza usafirishaji wa melanini kwenda juu ya ngozi, ikiwa sehemu 5 katika 100, ikipakwa kila siku kwa majuma kadhaa. Ukiacha, mambo hurudi kama yalivyokuwa. Na inamfaa mwenye tatizo la melanini. Mwenye kivuli haimsaidii kitu.

Kafeini, ile ya chai na kahawa. Inajulikana kwamba huibana mishipa ya damu. Lakini watafiti wa Thailand waliijaribu mwaka 2011 kwa watu wenye macho yaliyovimba. Upande mmoja wakapaka jeli yenye kafeini, upande wa pili jeli hiyo hiyo bila kafeini. Kwa wengi hapakuwa na tofauti kubwa. Kilichosaidia zaidi ni ubaridi wa jeli yenyewe. Ubaridi huo, ndugu msikilizaji, unapatikana kwenye kitambaa kilicholowekwa maji ya mtungi.

Asidi ya hayaluroniki, ile ya "kuingiza maji". Kazi yake ni kushika maji. Ngozi kavu ikipata unyevu huvimba kidogo, mikunjo midogo huonekana imepungua, na rangi hukaa vizuri. Hilo ni kweli na linapendeza, lakini ni la saa chache. Gliserini ya bei ndogo inayouzwa kwenye duka la dawa la mtaani kwako hufanya kazi ya namna hiyo hiyo.

Utaniuliza: mbona basi viungo hivi vimeandikwa kwenye kasha? Vimeandikwa kwa sababu vimo. Swali ni vimo kiasi gani. Hapa nataka niwape siri ndogo ya kusoma kasha, ambayo itawafaa hata kwa losheni na sabuni. Kwa kanuni za Ulaya na za Marekani, viungo huandikwa kwa kufuata wingi, kilicho kingi kikitangulia. Ila vile ambavyo havifikii sehemu 1 katika 100 vinaweza kupangwa vyovyote mwishoni. Sasa tafuta kwenye orodha jina "phenoxyethanol". Hiyo ni dawa ya kuzuia krimu isioze, imo katika vipodozi vingi, na Ulaya hairuhusu izidi sehemu hiyo 1 katika 100. Kwa hiyo ukiona vitamini iliyotangazwa kwa herufi kubwa mbele ya kasha imeandikwa nyuma baada ya "phenoxyethanol", ujue imo kwa kiasi cha chumvi ya kuonja. Nimesoma makasha mengi dukani kwa njia hii. Yaliyopita mtihani ni machache.

Lakini haki itendeke. Katika kichubu kile kipo kiungo kimoja chenye faida ya kweli kwa ngozi, na ajabu ni kwamba hakuna anayekitangaza. Kiungo hicho ni rangi yenyewe.

Ile chungwa, ile njano, ule wekundu, vyote kwa kawaida hutokana na oksidi za chuma. Ni ndugu wa kutu, ile kutu unayoiona kwenye bati la nyumba, isipokuwa hii imetengenezwa kiwandani kwa usafi. Mwaka 2010 watafiti wa Detroit, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwamulika watu wa ngozi mbalimbali kwa mwanga wa kawaida, huu tunaouona kwa macho. Wenye ngozi nyeupe sana hawakubadilika. Wenye ngozi za kahawia na nyeusi walipata weusi zaidi, na ukadumu. Maana yake ni kwamba kwetu sisi mwanga wa kawaida nao unachangia kuongeza madoa, na losheni nyingi nyeupe za kuzuia jua haziuzuii mwanga huo. Oksidi za chuma huuzuia. Huko Mexico, mwaka 2014, madaktari waliokuwa wakiwatibu watu wenye madoa ya usoni waliona kwamba losheni ya jua iliyotiwa oksidi ya chuma iliwasaidia zaidi kuliko isiyotiwa.

Kwa hiyo mwanamke aliyepaka korekta ya chungwa amejifunika mwavuli mdogo. Faida ipo. Lakini tusiikuze. Losheni za jua hupimwa zikiwa zimepakwa kwa unene wa miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba, na hakuna apakaye korekta kwa unene huo, angefanana na kinyago. Isitoshe, mwavuli huo hauna tofauti katika kichubu cha elfu nane na cha elfu arobaini na tano. Chuma ni chuma.

Jibu la swali letu basi limeanza kuonekana. Rangi inaficha kweli. Inakinga mwanga kidogo. Inatunza unyevu kidogo. Kuponya weusi, hapana. Na pale ambapo kiungo kingeweza kuponya, kwa kawaida kimetiwa kwa kiasi cha kupamba kasha.

Sheria nayo inatusaidia kuelewa. Huko Marekani, mwaka 1933, iliuzwa rangi ya kupaka kope na nyusi iitwayo Lash Lure. Iliwaunguza wanawake macho, wengine wakapofuka, na mmoja akafa. Wakati huo serikali haikuwa na mamlaka juu ya vipodozi. Mkasa huo ni mmoja kati ya mingi iliyosababisha sheria ya mwaka 1938, ambayo iliweka mpaka: kitu kinachodai kupamba ni kipodozi, kitu kinachodai kutibu au kubadilisha mwili ni dawa, na dawa sharti ithibitishwe. Nchi nyingi zinafuata mpaka wa namna hiyo. Hapa Tanzania vipodozi vilikuwa chini ya mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, na tangu mwaka 2019 viko chini ya Shirika la Viwango, TBS.

Ndiyo maana mwenye kiwanda ni mwangalifu kuliko mwenye duka. Soma kasha vizuri. Halisemi "huondoa weusi". Husema "hupunguza mwonekano wa weusi". Neno hilo moja, mwonekano, limewekwa pale na mwanasheria. Kiwanda kinajua kimeuza pazia. Dawa imeongezwa na muuzaji, hapa hapa mtaani, kwa mdomo.

Huenda mtu akasema: "Kaka, unahangaika bure. Fedha ni yangu, akinidanganya kwa elfu arobaini nitajua mwenyewe." Ningekubali kama hasara ingekuwa elfu arobaini tu. Ninachohofia ni hatua inayofuata.

Mtu aliyeaminishwa kwamba weusi wa macho ni ugonjwa unaotibika kwa krimu, mwezi ukipita asione tofauti, haachi. Anatafuta krimu kali zaidi. Na krimu kali zaidi tunazijua. Ni mkorogo. Anachukua ule ambao jirani ameutumia usoni, anaupaka chini ya jicho, mahali ngozi ilipo nyembamba kuliko pote.

Ndani ya mikorogo hiyo mara nyingi mna dawa za steroidi kama betamethasoni na klobetasoli, ambazo daktari hutoa kwa ugonjwa maalumu na kwa muda maalumu. Zikipakwa kwenye kope kwa muda mrefu huikonda ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba, mishipa ikaonekana zaidi kuliko mwanzo, na zinaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho mpaka mishipa ya kuonea ikafa. Mna haidrokwinoni. Mwaka 1975 daktari Findlay wa Afrika Kusini alieleza jinsi wanawake weusi walioitumia kwa miaka walivyopata weusi mpya, mzito, wenye vipele, mahali pale pale walipotaka weupe. Na nyingine zina zebaki, inayopita kwenye ngozi na kuharibu figo. Dunia iliweka mkataba juu ya zebaki, Mkataba wa Minamata, mwaka 2013. Ukaanza kutumika mwaka 2017. Na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki, hata kidogo, viondolewe ifikapo mwaka 2025. Mkataba ni jambo jema. Lakini mkataba hauji kukushika mkono kichochoroni unapouziwa kopo lisilo na jina.

Wala tusidhani ubaya ni wa vitu vya kigeni peke yake. Wanja, pambo la bibi zetu tangu Lamu mpaka Kilwa, baadhi yake umesagwa kutokana na jiwe lenye madini ya risasi. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto huharibu ubongo. Bado wako wazazi wanaowapaka wanja watoto wachanga machoni kwa kuwakinga na kijicho. Nawaomba, kwa heshima ya mila zetu, tumkinge mtoto kwa dua na tumwache macho yake.

Na ipo hasara ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa. Weusi wa chini ya macho wakati mwingine ni barua ambayo mwili umeiandika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu wanawake 3 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 duniani wana upungufu wa damu. Mwanamke wa namna hiyo ngozi yake hupauka, na kwa kupauka kule weusi wa macho hujitokeza zaidi. Anachoka akipanda ngazi, moyo unamwenda mbio. Huyo hahitaji chungwa la kupaka. Anahitaji kupimwa damu. Mwingine kila asubuhi huamka macho yamevimba, na jioni miguu nayo imevimba. Huyo ajue figo zinaweza kuwa zinalalamika. Mwingine ana mzio, anafikicha macho mwaka mzima. Kila mmoja wao akiambiwa "paka hiki, kinaponya", amefungiwa barua yake kabla haijasomwa.

Aliwahi kuniandikia msikilizaji mmoja wa Mbagala, mama mwenye kazi ya mapokezi katika ofisi ya mjini. Anaamka saa kumi alfajiri ili awahi basi, anarudi saa mbili usiku, kisha kuna watoto na jiko. Aliandika hivi: "Sitafuti uzuri wala dawa. Bosi wangu amesema nina uso wa msiba, wateja wanakimbia. Natafuta kubaki kazini." Maneno hayo yalinikaa. Nani atamcheka mama huyu kwa kununua kichubu cha elfu nane? Mimi simcheki. Lakini nasema tatizo lake halipo chini ya macho. Lipo kwenye saa tano za usingizi, na kwa bosi anayetaka mfanyakazi aonekane amelala bila kumpa nafasi ya kulala. Krimu haina uwezo juu ya mambo hayo mawili, na ni dhuluma kumwambia kwamba inao.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, nishauri nini?

Anayependa kujipodoa, na ajipodoe. Nunua korekta kwa ajili ya rangi yake. Ijaribu kwenye mwanga wa nje, si chini ya taa ya duka. Chagua inayokaa vizuri na isiyokuwasha, ulipe bei ya rangi. Muuzaji akianza kutaja matibabu, mwombe akuonyeshe kwenye orodha kiungo hicho kimekaa nafasi ya ngapi. Tafuta kile kichoro cha kopo lililo wazi chenye namba, kama 6M au 12M; hiyo ni miezi ya kutumia tangu siku ya kufungua. Usichangie brashi. Saluni moja yenye brashi moja kwa maharusi kumi husambaza ugonjwa wa macho mekundu kwa watu kumi. Jioni ondoa rangi kwa mafuta na kitambaa laini bila kusugua, kwa maana kusugua nako huleta weusi.

Anayetaka kupunguza weusi wenyewe, aanze na yasiyo na bei kubwa: kofia au mwavuli mchana, usingizi unapopatikana, mikono ikae mbali na macho. Mwenye mzio atibiwe mzio. Mwenye melanini ya urithi ajue kwamba huo ni uso wa ukoo wake, hauna ugonjwa. Akitaka dawa amwone daktari wa ngozi, asimwone mwenye meza ya mkorogo. Na uvimbe ukiwa wa jicho moja tu, au ukiambatana na uchovu usioisha au miguu kuvimba, aende hospitali kabla ya kwenda dukani.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Rangi ile ya chungwa inaficha vizuri, na kwa kazi hiyo ingejiuza yenyewe. Kilichotembezwa dukani ni ile hadithi ya kuponya. Basi tuinunue rangi, hadithi tumwachie muuzaji.

Hadi juma lijalo, panapo majaaliwa, nawatakia usingizi mwema.